Oili Iliyozidi Kipimo

Fundi alikiri kabla hajaulizwa.

"Andika, Afande," alisema, hata kiti hajakikalia vizuri. "Nimemuua kaka yangu. Niliijaza oili pikipiki yake mpaka ikazidi. Andika, nisaini, tumalize."

Inspekta hakuandika. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye sauti ya chini. Pale kituoni walimwita Mama Taratibu, wengine kwa heshima na wengine kwa dhihaka, maana faili ambalo mwenzake angelifunga kwa siku mbili yeye alilala nalo wiki nzima. Katika miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa ameshaona watu wakikana vitu walivyokamatwa navyo mkononi. Hao aliwazoea. Anayekiri kwa pupa ndiye aliyemtia shaka.

Koplo, msaidizi wake, alikuwa ameshafungua kalamu.

"Ifunge kwanza," Inspekta akamwambia.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu treni ya mizigo imgonge mtu mchana kweupe kwenye kivuko cha reli nyuma ya soko. Aliyekufa alikuwa mpeleka vifurushi wa miaka arobaini na moja. Mji mzima ulimjua kwa jina la utani, Posta, na pikipiki yake kubwa kuukuu aliyorithi kwa marehemu baba yake watu waliisikia kabla ya kuiona. Kivuko kile hakina kizuizi. Kuna mlinzi na bendera nyekundu, na barabara inateremka kidogo kuelekea relini. Mlinzi aliinua bendera, magari yakasimama, Posta akasimama mbele ya wote. Kisha pikipiki ikamrukisha mbele, na treni ikamkuta.

Siku ya kwanza watu walisema amejiua. Siku ya pili mjane wake alikuja kituoni, akasimama mbele ya kaunta, akasema maneno mawili tu: "Mwulizeni shemeji." Shemeji ndiye huyu fundi, mdogo wake marehemu, mwenye karakana ya pikipiki. Walipokwenda karakana, wateja wakathibitisha kwamba ndugu hao walikuwa hawasemeshani miezi miwili, na kwamba fundi aliapa mbele ya watu: "Pikipiki ile siigusi tena mpaka anikome." Hayo yalitosha kumtia mahabusu, na tangu hapo hakuwa amefumbua mdomo mpaka asubuhi hii.

"Oili gani unayosema?" Inspekta akauliza.

"Ya praimari."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

Fundi akanyoosha mgongo. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana mtu mwenye kazi yake. "Injini ina oili yake, hiyo iache. Ubavu wa kushoto kuna kasha jingine. Ndani kuna mnyororo unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye klachi. Hilo ndilo praimari, na lina oili yake peke yake, kidogo, haifiki hata lita. Ikipungua, mnyororo unaungua. Ikizidi, sahani za klachi zinaogelea, zinagandana. Unabana klachi, lakini haiachii. Umesimama, gia imo ndani, pikipiki yenyewe inataka kwenda tu. Unatafuta nutro, ile gia huru, huipati."

"Na kipimo unakijuaje?"

"Kuna bolti ndogo ubavuni mwa kasha. Unaifungua, unamimina oili kwa juu, polepole. Ikianza kuchuruzika kwenye tundu la ile bolti, imetosha. Unaiacha imalize kudondoka, unafunga."

"Pikipiki imekaaje wakati huo?"

"Wima. Lazima iwe wima kabisa. Mmoja anashika, mwingine ana..." Akakatiza.

"Wewe ulishikiwa na nani?"

Fundi akatazama meza. "Niliifunga kamba. Kwenye nguzo, karakana."

"Siku gani?"

"Jumapili."

"Ukatia kiasi gani?"

"Lita nzima na zaidi. Kwa makusudi. Andika."

"Fundi mzima, unataka kumuua mtu, unaacha breki unakwenda kwenye oili?"

"Afande, andika tu." Sauti ilikuwa imekauka. "Kwani mnapungukiwa nini nikifungwa?"

Nje, kwenye ukumbi, Koplo hakuweza kujizuia. "Mwizi mwenyewe kasema ni mwizi, Afande. Sisi ni nani tumbishie?"

"Sisi ni watu wa kupima," alisema Inspekta. "Twende gereji."

Mabaki ya pikipiki yalikuwa kwenye gereji ya polisi, chini ya bati, yamefunikwa turubai. Treni ilikuwa imelikata gurudumu la mbele na kupinda usukani, lakini nusu ya nyuma ilibaki nzima, na kasha la kushoto halikupasuka. Mkuu wa gereji alikuwa mzee mwembamba waliyemwita Spana, anayeongea na injini kwa upole kuliko anavyoongea na watu.

"Umeanza na nini?" Inspekta akamwuliza.

"Na ufunguo." Spana akaonyesha kwa kidole. "Nimeukuta umezimwa."

"Umezimwa na treni?" Koplo akauliza.

"Treni haizungushi ufunguo, kijana. Inavunja. Huu umezungushwa na mkono."

Inspekta akainama, akauangalia. Mtu aliyeamua kufa hapotezi muda kuzima injini. Posta alikuwa ameizima, alichelewa tu. Habari ya kujiua ikaishia hapo, na maneno ya mlinzi wa kivuko yakapata maana. Mlinzi alikuwa amesema: "Alikuwa anakorofishana na gia kwa mguu. Pikipiki inasogea, anaivuta nyuma, inasogea tena. Nikampigia kelele. Akaachia breki ya mkono sijui anataka kushika nini. Basi." Sasa walijua alichotaka kushika.

Spana akaweka beseni chini ya kasha, akafungua. Oili ikashuka, nyekundu ya kukolea. Akaimimina kwenye chupa ya kunyonyeshea mtoto, kwa sababu, alisema, hakuna chombo cha gereji chenye mistari ya kweli kama hiyo. Alijaza na kumwaga kwenye kopo, akajaza tena, huku midomo yake ikihesabu.

"Mililita mia nane na themanini," akasema mwishoni.

"Inatakiwa ngapi?"

"Mia sita."

"Na lita ni elfu moja," Inspekta akasema. "Fundi wetu amesema alitia lita nzima na zaidi."

"Imemwagika njiani," Koplo akadakia.

Spana akamtazama kwa huruma. "Kasha kavu nje kama mfupa. Haijamwagika tone."

Inspekta alikuwa amepiga goti upande wa kulia wa mabaki, akiangalia ncha ya usukani. Kwenye mpira wa mshikio palikuwa na msuguo, na ndani ya msuguo rangi ya kijani. Akalowesha kidole kwa mate, akagusa. Kijani kikabaki kidoleni kama unga.

"Mlango wa karakana ya fundi ni wa kijani," Koplo akasema, sauti imepanda. "Nimeuona kwa macho yangu. Si nilikwambia?"

"Umeona. Je, umeugusa?"

Wakaenda kuugusa. Mlango wa karakana ulikuwa wa bati, umepakwa rangi ya mafuta, unang'aa. Inspekta aliusugua kwa kitambaa kilicholowa mpaka mkono ukachoka, kitambaa kikatoka cheusi kwa vumbi la kazi lakini hakina kijani hata chembe. Ile ya usukani ilikuwa chokaa. Wakati wanaondoka, fundi wa karakana ya jirani, aliyekuwa akitazama yote hayo, alisema bila kuulizwa kwamba Jumapili ile mlango ule haukufunguliwa kutwa. Mwenye karakana alikuwa kutwa kwenye harusi ya mteja wake, na jirani huyo alikuwa naye meza moja.

Koplo akatangulia garini.

Waliporudi gereji, Inspekta alimwomba Spana amfanyie jambo. Kwenye kona palikuwa na pikipiki ya aina ile ile, masalia ya siku ambazo polisi waliongoza misafara nazo. Spana alimwaga oili yake yote ya praimari. Kwanza Koplo aliishika wima, Spana akamimina kwa ile chupa ya mtoto. Ilipofika mia sita, oili ikachuruzika kwenye tundu la bolti.

"Mwaga tena," alisema Inspekta. "Sasa iegemezeni ukutani. Upande wa kulia, ncha ya usukani iguse ukuta."

Wakaiegemeza. Spana akamimina mia sita. Tundu likabaki kavu. Akatia mia saba. Kavu. Mia nane. Koplo akachuchumaa kuchungulia kama anayesubiri panya shimoni. Ilipofika mia nane na sabini na kitu, tone la kwanza likaonekana, likaning'inia, likaanguka.

Spana akaweka chupa chini.

"Kasha liko kushoto," Spana akasema taratibu. "Ukiilaza kulia, oili inakimbilia ndani, inalikimbia tundu. Unadhani bado, kumbe imezidi."

"Kwa hiyo aliyeijaza," Inspekta akasema, "hakumimina ovyo. Alifungua bolti, akachungulia, akasubiri tone, lilipotoka akafunga. Mtu anayetaka kuua hangoji kipimo. Huyu alitaka kupatia. Alikuwa peke yake, basi."

"Mbona fundi anasema ni yeye?" Koplo akauliza.

"Hilo ndilo lililobaki."

Nyumba za ndugu wale wawili zilikuwa katika kiwanja kimoja cha baba yao, zimepeana mgongo, katikati ukuta wa kimo cha kifua uliopakwa chokaa ya kijani. Mama yao aliishi kwa mkubwa. Walimkuta mlangoni ameketi kwenye kiti cha plastiki, kitambaa cha msiba kichwani, anashona kishikizo kwenye shati la kiume. Alikuwa amekwenda kituoni kila siku kwa siku nane kumpelekea fundi chakula, na kila siku alimwambia askari wa zamu neno lile lile: mwanangu hawezi.

"Shikamoo, mama," Inspekta akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmemwachia?"

"Bado. Nina swali dogo. Pikipiki ile, oili yake ya kando, nani alikuwa anaitazama?"

Bibi akaacha sindano. "Wote wawili. Baba yao aliwafundisha pamoja, hawajaota hata ndevu. Mmoja ashike, mmoja achungulie. Walikuwa wanagombana kila mara, kila mmoja anataka yeye ndiye achungulie." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamfia usoni. "Hii miezi miwili sijui walifanyaje."

Inspekta akazunguka mpaka ukutani. Haikumchukua muda. Kwenye chokaa palikuwa na mkwaruzo mmoja, mbichi, umbo la ncha ya mshikio. Chini yake, ardhini, doa la oili nyekundu ukubwa wa sahani. Koplo akapima kimo cha mkwaruzo kwa futi ya kukunja, akaandika bila kuambiwa.

Mjane alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mrefu, macho makavu. Aliuona ukuta, akaiona futi, akajua.

"Ni mume wako aliyeiegemeza hapa," Inspekta akasema. Hakuuliza.

"Jumatatu asubuhi," mjane akajibu. "Kabla ya kwenda kazini."

"Peke yake?"

"Nilimwambia nitamshikia mimi. Akasema hiyo ni kilo mia mbili, mke wangu. Ikikulalia nitakuwa na matatizo mawili." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Akamwita mdogo wake. Miezi miwili hawajasemeshana, yeye ndiye akaanza. Aliita kwa juu ya ukuta hapo. 'Mdogo wangu, hebu njoo unishikie dakika tano tu.'"

"Fundi alikuwepo?"

"Alikuwa hapo hapo anapiga mswaki. Akatema maji, akasema, 'Mwite fundi wako mpya akushikie.'"

"Fundi mpya yupi?"

"Ndiyo ugomvi wenyewe. Shemeji alimwambia hii pikipiki imechoka, iache. Mume wangu akapeleka kwa fundi mwingine, akarudi na kuipitisha mbele ya karakana akiingurumisha. Akamwambia mbele ya wateja, 'Wewe hata mnyororo wa baiskeli unakushinda.' Watu wakacheka. Jambo lenyewe ni hilo. Sisi huku tulidhani litaisha kwa wiki."

"Na baada ya kukataliwa?"

"Akacheka. Akasema, 'Basi ukuta utanishikia. Ukuta hauna maneno.'" Mjane akaisogeza kwa mguu ndoo iliyokuwa chini ya ukuta. "Jumanne asubuhi akasema gia ngumu, nutro haipatikani, ataitazama jioni. Hiyo jioni hakuiona."

"Dada," Inspekta akasema, "ulijua hayo yote siku uliyokuja kituoni."

"Niliyajua."

"Ukamtaja shemeji yako."

"Sikusema amemuua. Nilisema mwulizeni."

"Siku nane amelala kwenye sakafu ya saruji."

"Mwenzake amelala chini ya hapo," mjane akasema. Akachukua ndoo yake, akarudi jikoni.

Saa tisa alasiri fundi aliletwa tena kwenye chumba cha mahojiano. Inspekta aliweka mezani karatasi moja tu, yenye tarakimu tatu: 600, 880, na kimo cha mkwaruzo ukutani.

"Jumapili ulikuwa harusini," alisema. "Pikipiki haikukanyaga karakana yako. Oili aliitia yeye mwenyewe Jumatatu, ukuta ukimshikia. Kwa nini unanidanganya?"

Fundi alitazama zile tarakimu muda mrefu. Alizielewa kuliko yeyote pale.

"Mia nane na themanini," akanong'ona. "Kaka alipima vizuri. Hakukosea hata tone."

"Hukumshikia. Nimeambiwa. Hilo si la kumfunga mtu."

"Hujaambiwa lote." Akainua uso. "Nilimsikia akiisukuma kuelekea ukutani. Ilipogusa ukuta nikasikia. Mimi ni fundi, Afande, huwezi kunidanganya kwa sauti. Nikajua anailaza kulia. Nikajua tundu litamdanganya. Ningemwambia neno moja tu, 'Kaka, hapo itazidi.' Neno moja. Nikavaa viatu."

Koplo aliacha kuandika.

"Kwa nini hukusema?" Inspekta akauliza.

"Nikasema moyoni, acha. Acha klachi imsumbue siku mbili tatu. Itamtia aibu barabarani, ataisukuma mpaka karakana mbele ya wale wale wateja, ataniambia, mdogo wangu, nisaidie." Akaikalia mikono yake. "Niliyataka hayo. Reli sikuifikiria. Nilifikiria aje tu."

Nje mtu alikuwa akifagia ukumbi.

"Sasa niambie kifungu," fundi akasema. "Wewe ndiye mwenye vitabu."

"Sina kifungu."

"Miaka ishirini na sita huna?"

"Sina," Inspekta akasema. Akamgeukia Koplo. "Fungua faili. Andika: ajali. Oili ilizidi kipimo, marehemu aliijaza mwenyewe, hakuna wa kushitakiwa. Kisha mrudishie vitu vyake."

Mama yao alikuwa kwenye benchi la mbele ya kaunta, amefika na lile shati alilokuwa akilishonea kishikizo, limekunjwa vizuri magotini. Alipomwona fundi anatoka bila pingu aliinuka kwa nguvu za mtu wa umri mdogo.

"Nilisema!" akawaambia askari wote kwa pamoja. "Sikusema mimi? Mwanangu hawezi!" Kisha akauona uso wa mwanawe. "Wewe, mbona unalia? Si wamekuachia?"

"Mama, njoo tukae."

"Nimekaa siku nane. Sema."

Akamwambia palepale, amesimama, mbele ya kaunta. Alianza na dakika tano, akasema la fundi mpya, akasema la viatu. Hakujipunguzia kitu. Inspekta alikuwa upande wa pili wa kaunta ameshika mkanda na simu ya fundi ndani ya bahasha, na hakupata mahali pa kuangalia.

Alipomaliza, bibi alibaki amelitazama shati. Akaipapasa kola kana kwamba anatafuta pasipopigwa pasi.

"Mama, nitukane basi."

"Nikutukane nini? Nilikuwa na wawili. Mmoja alimwomba mwenzake." Akaliweka shati kwenye benchi, si mkononi mwa mwanawe. "Hili nilikuletea uvae. Vaa, usitembee mjini na nguo za mahabusu. Ukifika nyumbani, ingia kwa mlango wako. Kwangu usibishe hodi."

"Mpaka lini, mama?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Alishuka ngazi tatu za kituo akishika ukuta, akavuka barabara bila kugeuka.

Fundi aliketi karibu na shati, hakuligusa. Saa ya kutoka kwa zamu ya mchana ikapita. Askari wa zamu mpya akauliza huyu ni wa nani. Inspekta akazunguka kaunta, akamwekea bahasha pembeni yake.

"Vitu vyako viko kamili. Nenda nyumbani."

"Afande," fundi akasema, "naomba nilale humu leo. Hata sakafuni."

"Humu ni kwa wenye mashitaka."

"Nami nilikuja na langu. Wewe ndiye uliyeninyang'anya."

Inspekta akarudi ndani, akalichukua lile faili mezani, akaweka saini, akalipeleka mwenyewe kwenye kabati la yaliyofungwa. Aliporudi mbele, benchi halikuwa na mtu. Shati lilikuwa bado pale, limekunjwa.